Ufito Uliwao ili Tangi Lisalimike

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J. P. Magufuli, ambalo kwa urefu wake wa kilometa tatu limeiunganisha Kigongo ya Misungwi na Busisi ya Sengerema juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, msafiri aendaye Sengerema, Geita au Bukoba, ambaye hapo awali alikuwa akingoja zamu yake ya kupanda MV Mwanza, MV Misungwi au MV Sengerema, na pengine akingoja hata jua likachwa, huvuka sasa kwa muda wa dakika chache bila ya kushuka garini. Barabara ikifunguka namna hiyo, nyumba za kulala wageni, zahanati na mabweni hayakawii kufuata, na pamoja nayo hufuata haja ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa anasa, nayo ni maji ya moto yatokayo bombani saa yoyote mtu ayatakayo. Wala haja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi hii, kwa maana uso wa Ziwa Viktoria umeinuka kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za miezi ya Juni na Julai, upepo uvumapo kutoka majini, huwa na baridi ambayo mgeni atokaye Tanga au Unguja huihisi hata mifupani.

Maji hayo ya moto hukaa ndani ya tangi la chuma, na habari ninayokusudia kuichambua ni ya uhai wa tangi hilo: ni kwa sababu gani moja hudumu miaka kumi na mitano, na jingine la kiwanda kile kile, lililonunuliwa duka lile lile, hutoboka katika mwaka wake wa nne likamwaga maji ukutani na kuharibu rangi, dari na godoro la mgeni. Wengi hulijibu swali hili kwa kutaja jina la kiwanda, au nchi ilikotoka bidhaa, au bahati ya mnunuzi. Jawabu lenye yakini zaidi limo ndani ya tangi lenyewe, katika ufito wa madini ya magnesi, mnene kiasi cha kidole gumba, ambao umewekwa humo kwa makusudi uliwe badala ya chuma, na ambao vitabu vya ufundi huuita anodi. Dai langu ni kwamba matangi yaliyo mengi katika pwani hii ya ziwa hufa kabla ya siku zao kwa kuwa ufito huo uliisha zamani na hakuna aliyeutazama, na kwamba kuutazama ni kazi nyepesi, iliyo ndani ya uwezo wa fundi bomba yeyote mwenye spana na subira.

Yafaa kwanza kulifahamu tangi lilivyoundwa. Chuma kitupu kilichojazwa maji ya moto hakina maisha marefu. Kwa hiyo viwanda, tangu kampuni ya A. O. Smith ya Milwaukee huko Marekani ilipopata hataza ya tangi lenye bitana ya kioo mwaka 1936, huupaka upande wa ndani wa tangi unga wa kioo, kisha huliingiza tangi zima katika tanuri lenye joto lipitalo digrii 800 za sentigredi, hata unga ule ukayeyuka na kushikamana na chuma. Kioo hakishiki kutu, na lau kingefunika chuma chote bila ya kuacha mwanya, habari yetu ingalikwisha hapo. Lakini chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kila siku ya maisha yake, na kioo hakipendi kutanuka. Kwenye pembe na kwenye viungo vya kuchomelea, bitana huwa nyembamba. Na hata tangi jipya kabisa hutoka kiwandani likiwa na vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Tena kitundu kidogo kina madhara makubwa kuliko kidonda kipana, kwa sababu uharibifu wote ambao ungesambaa juu ya eneo kubwa hukusanyika mahali pamoja na kuchimba kwenda chini, mpaka ukatokea upande wa pili.

Hekima ya kuukinga uharibifu huo ni ya zamani kuliko matangi yenyewe. Mwaka 1800 Mtaliano Alessandro Volta alionyesha kwamba madini mawili ya aina mbali mbali, yakitenganishwa na kitu chenye unyevu wa chumvi, hutoa umeme. Na mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy, aliyeombwa ushauri na wakuu wa jeshi la majini la nchi yake kuhusu shaba iliyofunika matumbo ya merikebu zao na ambayo ilikuwa ikiliwa na bahari, aliithibitishia Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba kipande kidogo cha zinki au cha chuma, kikigusishwa na shaba ile, huliwa chenyewe na kuiacha shaba salama. Shaba ilisalimika kweli kweli, lakini maadamu haikuwa ikiyeyuka tena, haikuwa na sumu ya kuwafukuza chaza na magugu ya bahari, ambao waliyavamia matumbo ya merikebu na kuyatia uzito, hata mashauri ya Davy yakaachwa. Naitaja habari hii kwa sababu watu wengi huisimulia kama kushindwa kwa Davy, na mimi naona kwamba asili ya jambo aliipata sawasawa. Kilichomshinda ni viumbe wa baharini, ambao ndani ya tangi la maji ya moto hawamo. Aliyekuwa msaidizi wake, Michael Faraday, akaja kuonyesha katika miaka ya 1833 na 1834 kwamba kiasi cha madini kinacholiwa hulingana na kiasi cha umeme kinachopita, na kwa kanuni hiyo tunaweza leo kuuhesabu umri wa ufito kabla haujaisha.

Kila madini yana hamu yake ya kuyeyuka, na hamu hiyo hupimwa kwa volti. Katika orodha ya wanakemia, magnesi husimama kwenye volti 2.37 chini ya sifuri, alumini kwenye 1.66, zinki kwenye 0.76, chuma kwenye 0.44, na shaba iko juu ya sifuri kwa 0.34. Yaliyo mawili yakiunganishwa na kuzamishwa katika maji yale yale, lenye hamu kubwa zaidi huyeyuka na kumpa mwenziwe elektroni zake, na maadamu mwenziwe anapokea elektroni hizo hawezi kushika kutu. Hiyo ndiyo kazi nzima ya ufito. Haupigani na maji, wala hauyatakasi. Huyeyuka polepole usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo, na kwa kuyeyuka kwake kila kitundu cha bitana hupewa himaya.

Tuhesabu basi. Kilo moja ya magnesi, ikiyeyuka yote, hutoa umeme upatao ampea-saa 2,200, lakini kwa tabia ya madini haya karibu nusu yake huliwa na maji bila ya faida, ikabaki ampea-saa 1,100 za kutumika. Ufito wa gramu 250, mathalani, una akiba ya ampea-saa 275. Tangi ambalo bitana yake ingali nzima likidai miliampea 10 tu, akiba hiyo itadumu saa 27,500, yaani miaka mitatu na zaidi kidogo. Na tangi lile lile likiingia nyufa likawa linadai miliampea 30, akiba itakwisha kwa saa 9,200 hivi, yaani mwaka mmoja na siku chache. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema ufito ubadilishwe kila baada ya miaka kadhaa, wakataja idadi moja kwa kila nyumba. Hakuna idadi moja. Tangi kadiri linavyozeeka ndivyo linavyokula ufito kwa haraka, kwa hiyo ufito wa pili hauwezi kutarajiwa kudumu kama wa kwanza, na wa tatu huenda ukadai kutazamwa mapema kuliko wa pili. Kinachofaa ni kuutazama baada ya mwaka wa kwanza, kuona umeliwa kiasi gani, na kupanga ukaguzi ujao kwa ushahidi huo.

Sasa tuyageukie maji yenyewe, maana hapa ndipo pwani ya ziwa inapojitenga na pwani ya bahari. Mtu wa Unguja, ambaye maji yake hutoka katika mwamba wa matumbawe, huyajua maji magumu: birika lake hushika utandu mweupe, na koili ya hita yake huvikwa chokaa hata ikashindwa kuchemsha. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, yana chokaa haba na chumvi haba, sabuni hutoa povu humo kwa urahisi, na kwa sababu hiyo watu huyasifu na kudhani kuwa chuma hakina cha kuogopa kutoka kwao. Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli kwa chuma kilicho katika maji baridi. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927 katika Ziwa Tanganyika. Miaka minane chini ya bahari isingaliiachia usalama wa namna ile.

Lakini maji laini yakipashwa moto hugeuka tabia. Kwa kanuni ya makadirio ambayo mafundi huitumia, joto likizidi kwa digrii kumi kasi ya kutu huongezeka karibu maradufu, na maji ya tangi hufika digrii 60 au 70, hali ziwa ni digrii 25 hivi. Kila mara mtu anapooga, maji mapya huingia yakiwa na hewa mpya ndani yake, na hewa ndiyo chakula cha kutu. Maji magumu, pamoja na taabu zake zote, huacha juu ya chuma utandu wa chokaa unaokikinga kwa kiasi fulani. Maji laini hayaachi kitu. Tena yale yanayosambazwa mijini yametiwa klorini ili yawe salama kwa kunywa, jambo lililo jema na la lazima kwa afya, na klorini nayo huongeza uchu wa maji kwa madini. Kwa hiyo mwenye hita katika Mwanza au Busisi asifurahi kupita kiasi kwa kuwa koili yake haishiki chokaa, maana usafi ule ule wa maji ndio unaoliacha tangi lake uchi.

Ulaini huu una hukumu nyingine juu ya aina ya ufito. Maji ya bahari, kwa wingi wa chumvi yake, hupitisha umeme mara mamia zaidi ya maji ya Ziwa Viktoria, na ndiyo sababu mabamba ya zinki yafungwayo kwenye matumbo ya meli za baharini hufanya kazi barabara, ingawa tofauti ya volti baina ya zinki na chuma ni ndogo. Katika maji yasiyo na chumvi, msukumo mdogo kama huo haufiki mbali. Bamba la zinki lililomfaa mwenye boti wa Dar es Salaam halina faida ya kutajika likifungwa kwenye chombo cha ziwani, ambacho hudai magnesi. Ndani ya tangi la maji ya moto zinki ina aibu kubwa zaidi, kwani katika baadhi ya maji, joto likifika kiasi cha digrii 60, utando hujifanya juu ya zinki na daraja hupinduka: chuma ndicho kinachoanza kuliwa ili zinki isalimike, kinyume cha makusudi. Alumini nayo, katika maji laini yenye chumvi haba, huelekea kujivika utando mgumu na kulala usingizi. Kwa maji ya ziwa, basi, fito za magnesi ndizo za kununua, na muuzaji akisema kuwa nyingine ni sawa tu kwa kuwa zinaingia kwenye tundu lile lile, mnunuzi na amshukuru na kwenda duka jingine. Walio na mashaka zaidi ni wale wanaojaza hita zao maji ya mvua yaliyovunwa juu ya bati, kwa maana maji hayo yana chumvi kidogo hata kuliko ya ziwa, na himaya ya ufito humo hufika karibu na ufito wenyewe tu.

Nije kwenye ukaguzi. Matangi tuliyo nayo ni ya namna mbili zilizo kuu. Yapo yasimamayo sakafuni, ya mtindo wa Kimarekani, ambayo ufito wake hushuka kutoka juu na kichwa chake ni nati ya pembe sita yenye upana wa inchi moja na sehemu ya kumi na sita, ambayo spana ya milimita 27 huishika. Na yapo ya kutundikwa ukutani, ya mtindo wa Kiitaliano, yaliyo mengi zaidi katika nyumba zetu, ya lita 30, 50, 80 au 100, ambayo ufito wake umefungwa kwenye kifuniko cha chini, bega kwa bega na koili na themostati. Haya ya pili huwasumbua watu kwa sababu hakuna kichwa cha ufito kinachoonekana kwa nje. Mwenye nyumba hutazama chini ya hita, akaona kava la plastiki na waya, na kudhani hakuna kitu kingine.

Fundi huanza na umeme. Huzima swichi ya hita na mein swichi pia, kisha huhakikisha kwa testa kwamba hakuna moto katika waya, kwa kuwa zipo swichi zilizounganishwa kinyume, ambazo huukata waya usiokuwa na moto na kuuacha wenye moto. Hufunga koki ya maji baridi, hufungua bomba la maji ya moto bafuni ili msukumo uishe, na hungoja maji yapoe, maana maji ya digrii 70 humbabua mtu mara moja. Kama nyumba ilikaa bila ya mtu kwa majuma mawili au zaidi, bomba hilo la moto lifunguliwe kwa muda kwanza, na pasiwe na kiberiti wala sigara karibu, kwa sababu magnesi ikiliwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hukusanyika juu ya tangi na kuwaka kwa wepesi. Kwa tangi la sakafuni yatosha kumwaga lita chache. La ukutani humwagwa lote, kisha waya hufunguliwa baada ya kukumbukwa mahali pake, na nati za kifuniko hulegezwa kwa zamu, moja na ile inayoelekeana nayo. Kifuniko hushuka pamoja na koili na ufito, na pamoja navyo hushuka tope la kahawia, kwa hiyo ndoo iwe imetegwa chini.

Ufito mpya ni laini, wa rangi ya fedha iliyofifia. Ule uliofanya kazi mwaka mmoja au miwili hutoka umechakaa mfano wa muwa uliotafunwa: una mashimo, una mabonde, umevikwa unga mweupe ambao ukisuguliwa kwa kidole hutoka, na mahali pengine waya wa chuma upitao katikati yake umeanza kuonekana. Unga huo ni dalili njema. Ukiona ufito umepungua chini ya nusu ya unene wake wa asili, au waya wa katikati umefichuka kwa urefu wa sentimita kumi na tano hivi, ubadilishe siku hiyo hiyo, hata kama inakisiwa kuwa unaweza kumaliza miezi kadhaa. Gharama ya kulifungua tangi tena ni kubwa kuliko thamani ya kipande kilichobaki. Ukitoka waya mtupu, tangi limekuwa likijilinda kwa bitana yake peke yake tangu siku asiyoijua mtu, na ufito mpya, ijapokuwa utazuia uharibifu usiendelee kwa kasi, hautarudisha chuma kilichokwisha liwa.

Dalili inayowadanganya watu ni ile ya ufito unaotoka mzima baada ya miaka miwili. Mwenye nyumba hufurahi na kumwambia fundi aurudishe vile vile. Laiti angejua kwamba ufito usioliwa hauna kazi unayoifanya! Ama kifungo baina yake na tangi kimekatika, kwa kutu au kwa waya uliosahauliwa na fundi aliyetangulia, na bila ya mgusano wa madini kwa madini hakuna elektroni ipitayo. Ama umevikwa ganda gumu lisilopitisha kitu. Ganda husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka madini meupe yaonekane, na mgusano hupimwa kwa mita ya umeme. Kinyume chake, ufito ulioisha kabla ya mwaka kutimia hutuelekeza kutazama nje ya tangi: mabomba ya shaba yaliyoungwa moja kwa moja na chuma bila ya kiungo cha kuyatenga, au waya wa ethi uliokatika, au waya wa ethi usiokuwapo tangu nyumba ilipojengwa. Ubovu huu wa mwisho ni wa hatari kwa roho ya mtu kabla haujawa hatari kwa tangi, na fundi aliyeukuta asiondoke bila ya kuutengeneza.

Katika kuurudisha ufito mpya yako mambo ya kuyafanyia hadhari. Gasketi ya mpira ya kifuniko ibadilishwe pamoja na ufito, kwa kuwa iliyokwisha bonyea haifungi mara ya pili. Utepe mweupe wa mafundi bomba, kwa zile zenye nyuzi, uzungushwe kwa kiasi, nyuzi zipate kuuma chuma cha tangi. Na umeme usiwashwe mpaka maji yametoka kwenye bomba la moto kwa mkondo mmoja usiokatika, maana koili iwashwayo katika hewa huungua kwa muda mfupi sana. Hapa yafaa niseme juu ya vali ndogo izuiayo maji kurudi, ambayo mafundi wengine huiacha kwa kupunguza gharama: maji ya mji yakikatika, tangi lisilo na vali hiyo hurudisha maji yake katika bomba la mtaa, likabaki nusu tupu na lenye unyevu, na ufito hauwezi kukinga sehemu ambayo haimo majini. Katika mitaa yenye mgawo wa maji, matangi hufa kwa njia hii pia.

Pana watu ambao hupambana na ufito kwa sababu ya harufu. Maji ya visima vingine yana vijidudu vinavyogeuza salfa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na haidrojeni itokayo kwenye magnesi huvinenepesha. Fundi mwenye haraka huung'oa ufito, huziba tundu, harufu hutoweka, na mwenye nyumba humsifu mpaka siku tangi linapotoboka. Dawa iliyo sahihi ni kupandisha joto lipite digrii 60 kwa saa kadhaa na kulisafisha tangi kwa klorini. Na ikiwa harufu hurudi kila mara, hapo ndipo ufito wa alumini uliochanganywa na zinki huruhusiwa. Wengine hushauri anodi ya umeme, kijiti cha titani ambacho hakiliwi, kinacholishwa mkondo mdogo na kifaa kilichochomekwa ukutani, kwa kanuni ile ile inayokinga mabomba makubwa ya mafuta yaliyofukiwa ardhini. Ni chombo kizuri mahali ambapo umeme haukatiki. Lakini umeme ukikatika, ulinzi hukatika nao, hali magnesi haiungoji umeme wa mtu. Kwa nyumba ya Busisi mimi ningechagua magnesi. Hita za jua nazo zisisahauliwe juu ya paa: zile zenye tangi la bitana ya kioo zina ufito, na baadhi ya zile za feleji isiyoshika kutu, zenye mirija ya vioo, nazo zimewekewa ufito mwembamba, na kwa kuwa kuzifikia kunahitaji ngazi, ni rahisi mno zikakaa miaka bila ya kutazamwa. Kenya kwa kanuni zake za mwaka 2012 iliyataka majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaweke hita za jua. Kanuni ya namna hiyo ikija kwetu, na ije pamoja na sharti la uangalizi.

Linabaki swali la wajibu, na hili ni zito kuliko la spana. Kijitabu cha maelezo kitokacho na hita huutaja ufito, na pengine huifanya dhamana ya kiwanda itegemee ukaguzi wake, lakini aghalabu kimeandikwa kwa lugha za kigeni na hutupwa pamoja na boksi. Muuzaji huuza hita asiuze fito. Fundi huitwa siku ya kufunga na siku ya kuvuja, na baina ya siku hizo mbili hana sababu ya kubisha hodi. Mpangaji huona kuwa tangi si lake, na mwenye nyumba anayeishi mbali halioni. Katika mnyororo huu hakuna mtu mmoja mwenye kosa, na ndiyo sababu hakuna anayetengeneza. Ningependa kuona katika vyuo vya VETA kwamba mwanafunzi wa ufundi bomba hapewi cheti mpaka ameutoa ufito mmoja kwa mikono yake na kueleza hali yake. Na ningependa Shirika la Viwango lidai kwamba kila hita iingiayo nchini iwe na kibandiko cha Kiswahili, karibu na swichi, chenye kusema ufito upo wapi na utazamwe lini.

Mpaka hayo yatakapokuwa, mwenye nyumba ya wageni yenye hita nyingi ana njia yake. Anunue fito mbili au tatu za akiba pamoja na hita zenyewe, za kiwanda kile kile, kwa sababu urefu na nyuzi hutofautiana na fito za mitindo iliyopita huadimika. Aagize gasketi pamoja nazo. Na kwa kalamu ya wino usiofutika aandike juu ya kava la kila hita tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutazamwa, na unene uliokutwa siku hiyo. Kwenye mkataba wa upangaji iandikwe kwamba ukaguzi wa hita ni juu ya mwenye nyumba, mara moja kwa mwaka, na kwamba mpangaji atafungua mlango siku hiyo. Na kwa kuwa daraja lipo, fundi aitwaye kutoka Mwanza asubuhi anaweza kuzikagua hita kadhaa za Busisi na kurudi kwake kabla ya magharibi.